Zamu, kikundi au mnasihi: kipi kitangulie kuwasaidia madaktari wa familia walio mafunzoni wakati wa janga

Janga linapozuka, mratibu wa mafunzo ya udaktari wa familia hupokea mapendekezo kutoka kila upande: andaa semina ya ustahimilivu, unda kikundi cha mazungumzo, wape namba ya mnasihi, kila mmoja apate mlezi, punguza zamu, ahirisha mitihani. Kila pendekezo lina mantiki yake. Shida ni kwamba watu wa kuyatekeleza ni walewale ambao wodi zimewaelemea. Kwa hiyo lazima achague: kipi kianze wiki hii, kipi kisubiri, na kipi kisifanyike kabisa. Hapa nimeyalinganisha mapendekezo hayo, na palipo na jibu nimelitoa waziwazi. Naandika kwanza kwa ajili ya waratibu na wasimamizi, lakini daktari aliye mafunzoni akisoma atajua la kudai.

Tunamzungumzia nani

Daktari wa familia aliye mafunzoni ni daktari kamili. Ameshafuzu, ana leseni, anaandika dawa kwa sahihi yake. Papo hapo ni mwanafunzi anayepewa alama, na kila miezi michache anahama: watoto, uzazi, dharura, kisha kliniki. Janga likija, yeye ni mwepesi kuhamishwa kwa sababu anaweza kufanya mengi kidogo kidogo. Anaiacha kliniki yake na kuingia wodi ambayo hakuna anayemjua kwa jina, chini ya msimamizi aliyekutana naye asubuhi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaopanga misaada kwa kuiga hospitali kubwa hulisahau. Mgonjwa akifariki wodini, mara nyingi familia yake huondoka na daktari haioni tena. Kwa daktari wa familia, mjane anarudi wiki mbili baadaye kupima presha, na mtoto wa marehemu analetwa akiwa na homa. Daktari anakaa nao katika chumba kimoja, mlango umefungwa, foleni iko nje. Huzuni ya namna hiyo haiishi zamu inapoisha. Msaada wowote utakaochaguliwa upimwe kwa hali hiyo.

Hata kabla ya janga hali huwa si shwari. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani, yaliyojumuisha zaidi ya madaktari 17,000 walio mafunzoni, yalikuta karibu asilimia 29 wana sonona (ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa) au dalili zake. Juu ya hapo janga huleta hofu ambayo ina msingi. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa uwezekano wa mhudumu wa afya kuambukizwa, kulingana na kada yake, ulikuwa mara 21 hadi 32 ya ule wa watu wazima kwa ujumla. Kwa UVIKO-19, shirika hilo lilikadiria kwamba wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walifariki kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Anayesema anaogopa ameielewa hali sawasawa. Ndiyo maana barakoa inayomkaa vizuri usoni ni msaada wa afya ya akili pia, na siilinganishi na kitu kingine chochote hapa: hiyo ni lazima.

Kupunguza zamu au kufundisha ustahimilivu?

Semina ya ustahimilivu ni rahisi kuandaa. Inahitaji mkufunzi, saa mbili na ukumbi, na ikiisha mratibu ana kitu cha kuandika kwenye ripoti. Kupanga zamu upya ni kazi ngumu: lazima ugombane na idara, utafute wa kuziba pengo, ukubali kwamba kliniki fulani itafungwa siku fulani. Ndiyo maana semina huchaguliwa mara nyingi zaidi.

Ushahidi, hata hivyo, unaelekea upande wa pili. Uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hatua zinazobadilisha mpangilio wa kazi hupunguza uchovu wa madaktari kuliko zile zinazomlenga daktari mmoja mmoja. Na suala la usingizi halihitaji mjadala mrefu. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24 anakaribia asilimia 0.10. Mwaka 2004, utafiti uliofanywa Marekani katika vyumba vya wagonjwa mahututi ulikuta kwamba madaktari wa mwaka wa kwanza waliokuwa kwenye ratiba ya zamani ya zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya walipokuwa kwenye ratiba iliyopunguzwa. Daktari aliyekosea kwa sababu ya kukosa usingizi hubeba kosa hilo kwa miaka. Huwezi kumfundisha kupumua kwa utulivu na ukategemea limwondoke.

Lakini kupunguza saa kwenye karatasi nako hakutoshi. Ulaya ina kikomo cha wastani wa saa 48 kwa wiki. Marekani iliweka saa 80 mwaka 2003, ikaongeza mwaka 2011 sharti kwamba wa mwaka wa kwanza wasizidi saa 16 mfululizo, kisha mwaka 2017 ikaliondoa, baada ya jaribio kubwa katika programu za mafunzo ya upasuaji kuonyesha kuwa wagonjwa hawakudhurika pale masharti ya saa za zamu yalipolegezwa. Madaktari wenyewe katika jaribio hilo walilalamika kuwa zamu ndefu ziliwanyima muda wao binafsi. Mimi najifunza hapo kwamba saa zikipungua na kazi ikabaki ileile, mtu anafanya kazi ya saa 16 ndani ya saa 12, na makabidhiano ya wagonjwa yanafanyika mbio mbio. Kupunguza zamu maana yake ni kupunguza kazi: kliniki zinazoweza kusubiri zisubiri, fomu zisizo za lazima ziondolewe, mgonjwa wa presha aliye imara apewe dawa za miezi mitatu badala ya mmoja.

Namna ya kuanza ni hii. Chukua ratiba ya mwezi na kalamu nyekundu. Zungushia kila mahali ambapo jina lililokuwa zamu ya usiku linatokea tena kliniki asubuhi. Zungushia kila siku ambayo safu ya daktari wa akiba iko tupu, kwa sababu siku hiyo atakayeugua atakuja kazini hivyohivyo. Kisha angalia ni jina gani linajirudia kuziba mapengo ya wenzake. Mara nyingi ni la mtu mmoja, yule asiyeweza kukataa, na huyo ndiye atakayeanguka kabla ya wengine. Ratiba ikishasahihishwa, itangazwe mapema na isibadilishwe kwa ujumbe wa usiku wa manane.

Semina basi itupwe? Hapana. Mbinu za kutuliza msongo zina faida kwa anayezitaka, na WHO ilitoa mwaka 2020 kijitabu cha michoro na sauti ambacho mtu anaweza kukitumia mwenyewe kwa dakika chache kwa siku. Kitolewe kwa hiari. Kumlazimisha daktari aliyetoka zamu ya usiku kukaa kwenye semina ya kujitunza ni kumwibia usingizi aliohitaji, na kunampa ujumbe kwamba tatizo ni udhaifu wake.

Kikao kimoja cha kusimulia yaliyotokea au msaada wa awali wa kisaikolojia?

Hapa sina shaka hata kidogo. Baada ya tukio zito, kama vifo kadhaa ndani ya zamu moja, wengi hufikiria kuwakusanya wote waliokuwepo na kumtaka kila mmoja aeleze alichokiona na alivyojisikia. Njia hiyo ilienezwa kuanzia mwaka 1983 na Jeffrey Mitchell, aliyefanya kazi na vikosi vya uokoaji nchini Marekani. Nia ilikuwa njema. Lakini mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, hayakukuta kwamba kikao kimoja cha namna hiyo huzuia maradhi ya akili yanayofuata kiwewe, na kati ya majaribio yaliyochambuliwa lilikuwemo lililoonyesha kuwa waliohudhuria walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. WHO inapendekeza msaada wa awali wa kisaikolojia badala yake.

Msaada huo, kama WHO ilivyouweka katika mwongozo wake wa mwaka 2011, una hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hauhitaji mtaalamu wa saikolojia. Unahitaji mtu mtulivu aliyepata mafunzo mafupi, na haumlazimishi yeyote kusimulia. Msimamizi anamkuta daktari kijana amesimama kwenye korido baada ya kifo cha mtoto. Hamwulizi, "Unajisikiaje?" mbele ya wauguzi. Anamvuta pembeni, anamwambia, "Daktari, njoo ukae kidogo. Umekula chochote tangu asubuhi? Mgonjwa wako wa saa nane nitamwona mimi." Akitaka kusema, anasikilizwa. Asipotaka, wanakaa kimya. Kabla hajaondoka msimamizi anauliza nyumbani atamkuta nani, nani atamrudisha, na anaahidi kumpigia kesho jioni. Kisha anampigia kweli. Hiyo simu ya kesho ndiyo sehemu inayosahaulika, na bila hiyo mengine yote hayana uzito.

Nisieleweke vibaya: timu kukaa kujadili tukio kitabibu, kwamba dawa ilichelewa wapi na nani aitwe safari ijayo, ni jambo jema na liendelee. Kinachokataliwa ni kulazimisha watu kufungua vidonda vyao mbele ya kundi halafu waachwe.

Kikundi kipi?

Daktari wa familia ana bahati kwamba kuna kikundi kilichobuniwa kwa ajili ya kazi yake. Miaka ya 1950, katika kliniki ya Tavistock jijini London, Michael Balint na mkewe Enid walianza kukutana na madaktari wa familia kuzungumzia wagonjwa waliokuwa wakiwasumbua rohoni. Mfumo wao unatumika hadi leo katika nchi nyingi. Watu sita hadi kumi na wawili hivi, kiongozi mmoja au wawili waliofundishwa, saa moja au moja na nusu, mara kwa mara. Mmoja anamweleza mgonjwa bila kusoma faili. Wenzake wanauliza maswali machache ya ufafanuzi, kisha mwenye kisa anarudisha kiti nyuma na kunyamaza, huku wengine wakiwaza kwa sauti: yule mama alitaka nini hasa, daktari alikuwa akihisi nini, kwa nini kikao kile kilikuwa kizito vile. Hakuna anayemrekebisha kuhusu dozi. Mwishoni anarudi kwenye duara.

Mwingine ni mkutano wa Schwartz, uliotokana na kituo kilichoanzishwa Boston mwaka 1995 kwa jina la Kenneth Schwartz, mwanasheria aliyefariki kwa saratani ya mapafu na aliyeguswa na ukarimu wa waliomuuguza. Hapa wanakuja wote: madaktari, wauguzi, wafamasia, wahudumu wa usafi. Watatu au wanne wanasimulia kwa ufupi upande wa kibinadamu wa kazi, kisha ukumbi unachangia.

Kwa daktari wa familia aliye mafunzoni mimi nachagua Balint, kwa sababu kinashughulikia hasa kile kinachomuumiza: uhusiano na mgonjwa atakayemwona tena. Schwartz una nguvu pale daktari amehamishiwa hospitali kubwa na anajiona mgeni. Kusikia daktari bingwa wa miaka mingi akikiri kwamba naye alilia humwondolea aibu. Lakini unahitaji ukumbi, waandaaji na idadi ya watu. Kliniki ndogo haiwezi.

Tatizo la Balint ni muda. Faida yake hujengeka kwa miezi, na kiongozi aliyefundishwa hapatikani kwa wiki moja. Kwa hiyo kama kikundi kilikuwepo kabla ya janga, kisivunjwe. Kifupishwe hadi dakika 45 na kiendelee hata kwa video, mradi kila mtu awe kwenye chumba chenye faragha na avae spika za masikioni. Kama hakikuwepo, usikianzishe katikati ya wimbi la kwanza. Anza na wenza: kila daktari na mwenzake mmoja wa mwaka tofauti, wanaopigiana simu mara mbili kwa wiki. Balint kije wimbi likitulia.

Kundi la ujumbe kwenye simu halichukui nafasi ya yoyote kati ya haya. Linafaa kuuliza nani ana glovu na nani anaweza kubadilishana zamu. Huzuni ikiwekwa humo saa saba usiku, hukutana na alama ya moyo na ukimya, na aliyeandika anaamka akijuta.

Msimamizi au mtu wa nje?

Msimamizi anamjua kijana wake. Anaona akichelewa, akikonda, akianza kuwajibu wagonjwa kwa ukali. Anaweza kumpunguzia kazi leo hii. Mnasihi wa nje hana uwezo huo, na huenda hajui wodi ya janga inafananaje.

Lakini msimamizi ndiye anayesaini kitabu cha mafunzo. Ndiye atakayeandika barua ya mapendekezo. Ni nani atamwambia mtu huyo kwamba halali, kwamba amekuwa akilia kwenye gari kabla ya kuingia kazini? Hofu hii imefika mpaka kwenye sheria. Nchini Marekani, kifo cha Dkt. Lorna Breen, daktari wa dharura wa New York aliyejiua Aprili 2020, kilifuatwa mwaka 2022 na sheria yenye jina lake ya kulinda afya ya akili ya wahudumu wa afya, na kampeni ya kuondoa kwenye fomu za leseni maswali ya kudadisi historia ya ugonjwa wa akili. Uingereza ilianzisha mwaka 2008 huduma ya siri kwa ajili ya madaktari wagonjwa, iliyoongozwa na daktari wa familia, Clare Gerada, ili wasilazimike kutibiwa na watu wanaofanya nao kazi.

Wote wawili wanahitajika, lakini kazi zao zitenganishwe kabisa. Msimamizi ashughulikie mzigo wa kazi na usalama. Mtu wa nje atunze siri, asiripoti kwa programu hata idadi ya waliokuja kama programu ina wanafunzi wachache kiasi cha kutambulikana. Na badala ya kubandika namba ya simu ukutani, mpangie kila mmoja miadi ndani ya saa za kazi, kisha umruhusu aikatae akitaka. Wote wakiwa na miadi, hakuna anayeonekana kuwa mgonjwa. Kwangu hiki ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko gharama yake katika ulinganisho huu wote.

Mnasihi anahitajika pia kwa sababu kuna hali mbili zinazofanana na tiba zake hazifanani. Uchovu wa kazi, kwa mujibu wa uainishaji wa magonjwa wa WHO unaotumika tangu Januari 2022, ni hali itokanayo na kazi na haukuwekwa kama ugonjwa: nguvu zimeisha, moyo umejitenga na kazi, mtu anaona hafai. Dawa yake kubwa ni kubadili kazi yenyewe. Sonona ni ugonjwa. Inamfuata mtu hadi likizoni, inamnyima furaha hata kwa wanawe, na inahitaji matibabu. Kumpa mwenye sonona wiki ya mapumziko peke yake ni kumwacha nyumbani na ugonjwa wake. Na kumpa dawa za sonona aliyechoshwa na zamu kumi mfululizo, huku zamu zikibaki, nako hakutamponya.

Siri ina mpaka mmoja, na usemwe tangu siku ya kwanza: maisha yakiwa hatarini. Akitamka kwamba anataka kufa, aondolewe zamu hapohapo, asiachwe peke yake, na afikishwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo na mtu anayekwenda naye.

Mafunzo yasimame au yaendelee?

Kusimamisha kila kitu huonekana huruma, lakini daktari anabaki akijiona kibarua asiye na mwisho wa safari. Kuendelea kama kawaida nako ni ukatili. Mwaka 2020 chuo cha kitaifa cha madaktari wa familia cha Uingereza kilisimamisha mtihani wa ana kwa ana na kuweka badala yake tathmini ya mazungumzo halisi na wagonjwa yaliyorekodiwa. Njia hiyo ya kati ndiyo ninayoiunga mkono: badili umbo, tangaza tarehe mapema, miezi ya wodi ya janga ihesabiwe kama mafunzo, na saa moja ya kufundishwa kwa wiki isiguswe na mtu. Kuahirisha bila kutaja tarehe huumiza kuliko tarehe ya mbali.

Ukiwa na kidogo

Programu yenye msimamizi mmoja na vijana wanne ifanye matatu: ratiba yenye mtu wa akiba, wenza wa simu, na makubaliano na mnasihi wa taasisi nyingine. Programu kubwa yenye hospitali iongeze Balint na, ikiweza, Schwartz. Madaktari waliotawanyika kwenye kliniki za mbali, kila mmoja peke yake, wanahitaji zaidi simu ya msimamizi kwa siku maalumu kila wiki, na ruhusa iliyoandikwa ya kufunga kliniki wakiugua bila kwanza kutafuta wa kuwashikia nafasi.

Na muda wa msaada upangwe mrefu kuliko janga. Watafiti waliowafuatilia wahudumu wa hospitali za Toronto na maeneo ya jirani baada ya mlipuko wa SARS, ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa, wa mwaka 2003 walikuta, mwaka mmoja hadi miwili baadaye, kwamba waliokuwa hospitali zilizolaza wagonjwa wa SARS walikuwa na uchovu na msongo zaidi ya wa hospitali nyingine, na baadhi walishapunguza saa za kazi au muda wa kukaa na wagonjwa. Waliohisi walipata mafunzo na msaada wa kutosha walikuwa na nafuu. Makubaliano na mnasihi basi yaandikwe tangu mwanzo kuwa ya miaka miwili, yakimfuata daktari hata akimaliza mafunzo na kuhamia kituo kingine kabla muda huo haujaisha.